Kutoka Gerezani hadi Mamba: kumtafuta mtu wa kufua geti

Jumapili, Gerezani, Dar es Salaam

Kazi yenyewe ni geti. Mteja ni mama mmoja mstaafu anayejenga Goba. Alinifuata dukani na picha kwenye simu: geti la nyumba ya zamani huko Ulaya, la chuma kitupu, vyuma vimejikunja kama vikonyo vya mboga ya maboga, na kila ncha imepondwa ikawa nyembamba ya kukatia karatasi. Nikamtolea maua ninayotumia siku zote, yale ya kununua kwa pisi, yanayokuja kwenye maboksi kutoka China. Akashika moja, akaligeuza, akalirudisha.

"Haya nimeyaona kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Mimi nataka yaliyofuliwa."

Nikamwambia nitafute mtu, nitampigia. Ndivyo safari hii ilivyoanza, maana mimi ni fundi geti kwa miaka mingi na sijawahi kufua, yaani kukipa chuma umbo kwa moto na nyundo, hata mundu.

Mtu asiyeijua kazi yetu atashangaa. Gerezani nyundo zinalia kutwa nzima, ila ukisikiliza vizuri nyingi zinagonga bati: majiko ya mkaa, makarai, masanduku ya wanafunzi wa bweni. Chuma kinene hakigongwi. Kinapimwa, kinakatwa kwa grainda, kinachomelewa, kinapakwa rangi. Geti la kawaida mjini ni skwea paipu, tupu ndani, unene wake kama milimita moja na nusu, na urembo unabandikwa juu. Kwa hewa ya chumvi ya Dar, paipu ambayo fundi hakuziba ncha zake vizuri inaanza kuoza kwa ndani. Siku unayoona kutu kwa nje, ujue kule ndani kulishakwisha. Wateja hawapendi kuambiwa hivyo, na mafundi hatupendi kusema.

Mzee wa banda la tatu kutoka kwangu, Mchaga, anayetengeneza tindo na patasi kwenye jiko dogo nyuma ya duka, alinisikiliza akacheka. "Nenda kwetu Mamba, Kilimanjaro, bwana mdogo. Lakini ukifika Mwanga shuka kwanza, upande Ugweno. Usiende kwa mjukuu kabla ya kumsalimia babu."

Jumatatu, barabarani

Alfajiri kwenda stendi ya Mbezi nilipita Ubungo, pale ilipokuwa UFI, kiwanda cha zana za kilimo kilichojengwa kwa msaada wa China enzi za Mwalimu Nyerere. Waliolima miaka ile wanalijua jembe lake. Jembe la kiwandani, la UFI na yale yaliyoletwa kwa meli kabla yake, ndilo lililompunguzia mhunzi wa kijijini mteja wake mkubwa. Simlaumu mkulima, jembe la duka lilikuwa linapatikana siku anayolitaka.

Ndani ya basi nilikuwa nasoma kwenye simu kuhusu mageti ya Ulaya, nijue mama anataka nini hasa. Chuma chao cha zamani cha kufulia kilikuwa karibu hakina kaboni, ile inayokipa chuma ugumu, na ndani yake mlikuwa na nyuzinyuzi za mavi ya chuma, yaani takataka za tanurini, zilizosambazwa na kugongwa kwingi. Nyuzi hizo ndizo zinazosemwa kuwa zilikisaidia kupambana na kutu. Mnara wa Eiffel wa mwaka 1889 ni wa chuma cha namna hiyo. Siku hizi hakizalishwi tena kibiashara. Uingereza, kinu chao cha mwisho kilifungwa miaka ya 1970. Kwa hiyo hata fundi wa London anayejisifia geti la kufuliwa, mara nyingi anafua chuma hiki hiki laini ninachonunua mimi. Hapo nikapata nguvu. Kumbe tofauti kati yangu na yeye ni moto tu.

Chalinze, Segera, mkonge wa Mombo, vumbi la Same. Kondakta aligombana na abiria kuhusu mbuzi kuanzia Korogwe mpaka Hedaru. Nimelala Mwanga mjini.

Jumanne, Ugweno

Noah ilijaa ndipo ikaondoka. Barabara inapanda kwa kona kali, na ukigeuka nyuma unaona bwawa la Nyumba ya Mungu limelala chini kwenye nyika kavu. Juu hali inabadilika ghafla: migomba, kahawa, baridi. Upande wa pili wa milima hii ya Upare unaona Ziwa Jipe, na nyuma yake Kenya.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu, baba mdogo wa rafiki yangu mmoja. Baada ya shikamoo na chai, hakunipeleka kwenye kiwanda wala makumbusho. Alinipeleka shambani kwake. Akachokonoa kwa jembe kando ya mtaro, akatoa donge jeusi, lenye matundu, zito kuliko nilivyotarajia. Mavi ya chuma. Kisha akaokota kipande cha bomba la udongo, upande mmoja udongo wa kawaida, upande wa pili umeyeyuka ukawa kama chupa ya kijani iliyoungua. Hiyo ndiyo ncha iliyokuwa ndani ya tanuri, iliyopitisha upepo wa mivukuto, mifuko ya kupulizia moto.

Nilimuuliza mawe ya chuma waliyachimba wapi. Akanishusha mpaka kijitoni. "Hawakuchimba. Walizoa."

Mimi natembea na sumaku ya spika mbovu kwenye mkoba, ya kutenganisha vyuma na vitu vingine dukani. Nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaiburuta kwenye mchanga wa kijito. Ilitoka imeota ndevu nyeusi. Mchanga ule mweusi, mzito, unaobaki chini maji yanapochukua mwepesi, ndio waliouosha, wakaukausha, wakaupika kwa mkaa. Nilirudia kama mtoto mpaka mwalimu akaniambia chakula kitapoa.

Kwenye wali na maharage akanieleza mengine. Ugweno ilitawaliwa na Washana, ukoo wa wahunzi. Kwa mapokeo aliyoyakusanya mwanahistoria Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Wasuya ndio waliowapindua, karibu karne ya 16, na kujenga dola yenye mpangilio zaidi. Lakini walioshindwa hawakunyang'anywa nyundo. Kazi ya chuma ilibaki kuwa ya Washana. Nadhani hiyo ilikuwa siasa yenye akili. Unaweza kumnyang'anya mtu kiti, ila ukimnyang'anya jiko utalima kwa nini?

Chuma cha Upare kilishuka hadi Uchagani, kikabadilishwa na mifugo. Wachaga walikuwa na wahunzi hodari, lakini malighafi walitegemea milima hii. Kwa hiyo mkuki wa Kichaga ulioogopwa nusu ya Kilimanjaro ulianza kama mchanga wa kijito cha Mpare. Mwalimu alilisema hilo mara mbili, mara ya pili kwa sauti zaidi.

Nikamchokoza kwa habari za Wahaya. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa magharibi mwa Ziwa Victoria walikuwa wakizalisha chuma chenye kaboni miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Walisema mabomba ya udongo ya wahunzi hao yaliingia mpaka ndani ya tanuri, hivyo upepo ulipata joto kabla ya kuufikia mkaa. Mwalimu akatikisa kichwa. "Wahaya hawajawahi kukosa wa kuwaandikia."

Uyeyushaji wa hapa ulikufa mwanzoni mwa karne ya 20. Ulishindwa bei. Chuma kilicholetwa kwa meli kilipofika, na baadaye chakavu cha reli na magari, nani angekaa anaosha mchanga na kukata msitu wa mkaa apate donge la majembe machache? Donge lenyewe linatoka tanurini halijayeyuka likawa maji. Ni kama sifongo lililojaa takataka, na lazima lipashwe moto na kugongwa tena na tena kabla halijaitwa chuma. Nimegonga vitu vingi maishani, lakini hesabu ya jasho lile sikuimaliza.

Jumatano, Mwanga, Himo, Marangu

Mvua. Gari mbili, kusubiri kwingi. Himo nilikula ndizi na nyama, nikapanda ya Marangu. Nimelala karibu na Marangu Mtoni kwenye chumba chenye dirisha la grili iliyochomelewa vibaya; nililala nimeiangalia.

Alhamisi, Mamba

Mamba iko jirani na Marangu upande wa mashariki, na ukiuliza wahunzi hata mtoto anakuonyesha njia. Kibanda ni cha mabati, katikati ya migomba. Chini kuna shimo la moto lenye mkaa, pembeni kipande cha reli kilichozikwa nusu kwenye gogo: ndiyo fuawe. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtoto wa dada yake amesimama na koleo. Kuta zimeegemewa na springi za Land Rover, nondo, na vichwa vya mikuki visivyo na mipini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usiruke hiyo nyundo, zunguka."

Nikazunguka. Zamani, mhunzi huku aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, na nyundo yake haikuwa ya kuchezea. Laana iliyotamkwa kwa nyundo watu waliikimbia. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyekaa Uchagani miaka mingi, aliandika mwaka 1912 makala juu ya mhunzi na imani zilizoizunguka kazi yake. Mzee huyu ni muumini wa Kilutheri, kila Jumapili yuko kanisani, na bado nyundo hairukwi.

Wateja wake wakubwa ni Wamasai wanaotaka mikuki, na wakulima wanaotaka panga, mundu na visu vya kupogolea kahawa. Springi ya gari ndiyo anayoipenda kwa vitu vya makali, kwa sababu ina kaboni karibu asilimia 0.6 na inakubali kukazwa kwa maji au mafuta. Nondo anaipa kazi za kawaida. Hajui hiyo asilimia wala hana haja nayo. Anakigonga kipande kwa nyundo, anasikiliza, anakiweka upande wake.

Mivukuto ya ngozi ya mbuzi ipo, miwili, imetundikwa. Lakini upepo wa kila siku unatoka kwenye feni iliyofungwa kwenye rimu ya baiskeli, inazungushwa kwa mkono. Watalii wakija kutoka Marangu, ngozi zinashushwa. Wakiondoka, baiskeli inarudi kazini. Nilicheka, naye akacheka. "Mgeni analipia ngozi. Mmasai analipia mkuki."

Nikamtolea picha ya geti. Aliiangalia muda mrefu, akaikuza kwa vidole kama kijana.

"Hili ni la kanisa?"

"La nyumba ya mama mmoja, Goba."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake, na wajukuu likizo."

"Basi mikuki ya juu isiwe mikali. Mtoto atapanda."

Miaka yote nimeulizwa urefu, upana na rangi. Swali la nani atapanda geti, sijawahi kuulizwa wala kuuliza.

Ijumaa, Mamba

Leo tumejaribu. Nilinunua fito za skwea za milimita 12, zisizo na uwazi ndani, kwenye duka la vifaa la Marangu Mtoni, nikapanda nazo kwenye bodaboda, dereva akilalamika njia nzima.

Mzee aliingiza ncha kwenye mkaa, kijana akazungusha feni. Mimi ninayechomelea kwa umeme, moto kwangu ni cheche na kioo cheusi usoni. Huu una hatua. Chuma kilianza wekundu wa damu ya mzee, kikapanda hadi rangi ya chungwa, kikaelekea njano ya embe bivu. Hapo akakitoa. Kwenye chati ya rangi niliyo nayo kwenye simu hiyo ni nyuzi kama 1,100 za selsiasi. Akapiga, akageuza robo, akapiga, akageuza robo. Ncha ikawa inarefuka bila kupasuka. Rangi iliporudi kwenye damu ya mzee akaacha hapo hapo, akakirudisha motoni. Kijana akaniambia kwamba anayeendelea kugonga chuma kilichopoa anakiua kwa ndani: nyufa zinaanza na hazionekani leo.

Na kikizidi? Alikiacha kingine kwa makusudi nione. Kikawa cheupe, kikaanza kurusha nyota. "Hicho kimeungua. Tupa." Hakirudi.

Ncha ilipokuwa nyembamba akaiponda kichwani ikapanuka kidogo, akaiweka kwenye ukingo wa reli, akaanza kuikunja kwa vigongo vidogo vya kuvutia kwake. Hakutumia nguvu. Konyo likajizungusha lenyewe, jicho la katikati likiwa dogo, mduara ukipanuka kuelekea nje. Nililishika lilipopoa, nikapitisha kidole. Unene unapungua taratibu mpaka mwisho. Hicho ndicho kile cha maboksi hakina: kile ni unene mmoja mwanzo mwisho, kimekunjwa baridi na mashine, ndiyo maana ukikitazama jicho linachoka haraka.

Tatizo likaja kwenye la pili. Lilikuwa zuri, ila halikuwa pacha wa la kwanza. Kwa mkuki haina shida, kila Mmasai na wake. Geti linataka makonyo mengi yanayotazamana. Hapa ndipo nilipopata kazi. Nikashuka Marangu Mtoni kwa fundi mwenye mashine ya kuchomelea, nikampa hela ya umeme, nikakunja flati ba nene kwa kufuata konyo la mzee, nikaichomelea juu ya sahani ya chuma. Hiyo ndiyo fomu ya kukunjia. Jioni tukaibana kwenye gogo. Mzee akachoma chuma, akakishika jicho kwenye fomu, akakizungusha mara moja. La tatu, la nne na la tano yakawa ndugu wa tumbo moja. Mzee akaiinua fomu, akaipima kwa mkono, akaiweka upande wa vitu vyake. Nikajua hainirudii.

Kabla ya giza akanionyesha kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Nilimuuliza anaungaje bila mashine. Akachukua vipande viwili, akaviponda ncha, akavitia motoni. Vilipokaribia kuwa vyeupe akarushia mchanga mkavu. Mchanga unayeyuka na kuubeba uchafu wa juu ya chuma. Akamwambia kijana "Sasa!", wakavitoa, wakavipanda, pigo la kwanza la upole, la pili la nguvu. Cheche zikaruka mpaka mlangoni. Vikawa kimoja. Nilikitazama kiungo kwa tochi ya simu nikitafuta mstari, kama ninavyokagua kazi ya vijana wangu. Uliokuwepo ulikuwa mwembamba kama unywele.

Kwa geti letu hatutatumia njia hiyo kila mahali, ingechukua mwezi. Ila makonyo yanapogusana alipendekeza pete: kipande chembamba cha flati ba kinafungwa kikiwa chekundu kuzunguka vyuma viwili. Kikipoa kinasinyaa, kinabana. Hakuna kuchomelea wala kusaga kwa grainda.

Jumamosi, Moshi

Bei. Hapa ndipo safari nyingi za aina hii zinapokufa.

Mjini tunauza geti kwa mita za mraba. Mzee anauza kwa siku: siku zake, siku za kijana, na mkaa. Alipotaja siku, nikapiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu, nikaona geti zima lingekaribia mara tatu ya bei yangu ya kawaida. Sikumwomba apunguze. Nimewaona watu wanaokuja na kamera, wanasikitika kwamba ufundi unapotea, wanapiga picha na ngozi za mbuzi, kisha wanataka panga kwa bei ya kipande cha nondo. Uhunzi wa Mamba unaishi kwa sababu Mmasai bado anaagiza mkuki na analipa. Akija mtu wa geti naye alipe.

Nikampigia mama nikiwa stendi ya Moshi, kelele za wapiga debe pande zote. Nikamweleza: fremu nitatengeneza mimi Dar, chuma kizito, si paipu. Sehemu ya juu yote na kilango cha waenda kwa miguu vifuliwe Mamba, vifungwe kwa pete. Chini kuwe wazi, fito zilizonyooka, kwa sababu fito nzuri haihitaji kuficha kitu. Ncha za juu butu, kwa ajili ya wajukuu.

Kimya.

"Nani alisema habari za wajukuu?"

"Mzee mwenyewe. Aliuliza unaishi na nani."

Akauliza bei. Nikaitaja bila kushusha sauti. Akauliza siku. Nikamwambia miezi miwili, kwa sababu kipindi cha mavuno mzee anakuwa na panga za watu. Akaguna. Akaomba apunguziwe rangi. Nikamkatalia, kwa Dar rangi ya kuzuia kutu ni mikono miwili kabla ya nyeusi, si mmoja. Akaomba nauli ya mzigo iwe juu yangu; hiyo nikaikubali, mabasi ya Moshi yanabeba chuma kwa bei ya mapatano na mimi makondakta nawajua.

"Haya. Huyo mzee anataka malipo ya awali?"

"Nusu. Na mkaa juu yetu."

"Ana M-Pesa?"

Anayo, iko kwa jina la mtoto wa dada yake. Nimetuma namba, pesa imeingia kabla basi halijatoka, na kijana amenijibu kwamba Jumatatu anashuka Himo kununua mkaa magunia mawili, na je, nimebaki na fito ngapi za milimita 12, maana dukani Marangu zimebaki chache.